Mwenye Kuuza Nyumba Kirando Anauza Nini?

Mtu akisimama Kirando, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika ambako boti hutia nanga zikitoka Kabwe, Wampembe na hata Moba, ng'ambo upande wa Kongo, akatangaza kwamba nyumba yake inauzwa, hakuna atakayeshangaa. Watu wanahama, wanaoa, wanafiwa, wanafilisika, wanapata kiwanja Namanyere au Sumbawanga. Bei inatajwa, dalali anatokea, na baada ya siku chache familia nyingine inafagia uwanja ule ule. Ni jambo la kawaida kabisa. Hata hivyo ndani yake mna swali ambalo sheria, vitabu vya dini na wanafalsafa wamelivutania kwa zaidi ya miaka elfu mbili: hivi huyu bwana ameuza nini hasa?

Ardhi hakuuza, maana haikuwa yake. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote mbili za mwaka 1999, zinatamka kwamba ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji, nayo huwajibika kwa mkutano mkuu wa wanakijiji. Mwenye nyumba ana haki ya kukaa na kutumia, awe na Hati ya Hakimiliki ya Kimila mkononi au awe anakaa kwa mila tu kama babu yake. Matofali ni yake, aliyafyatua na kuyachoma kwa kuni alizokata mwenyewe. Mabati, milango, choo cha nje, mwembe alioupanda: vyake. Mchanga ulio chini ya vyote hivyo ni wa wote.

Fikra hiyo ina mizizi mirefu. Mwaka 1958, serikali ya kikoloni ilipokuwa ikipendekeza Waafrika waanze kumiliki ardhi moja kwa moja na kuiuza wapendavyo, Julius Nyerere aliandika makala, "Mali ya Taifa", akalipinga pendekezo hilo. Hoja yake ilikuwa ya kidini kabla haijawa ya kisiasa. Ardhi ni zawadi ya Mungu na hakuna binadamu aliyeitengeneza; anachoweza mtu kudai ni jasho alilolimwaga juu yake, na akiliacha shamba likarudi pori, dai lake limekwisha. Alihofia kwamba ardhi ikigeuzwa bidhaa, haitapita miaka mingi kabla wachache hawajaikusanya na wengi kuwa wapangaji katika nchi yao wenyewe. Mwingereza John Locke alikwisha kuanza na jasho hilo hilo mwaka 1689, lakini akaishia pengine: kwake, jasho likishachanganyika na udongo, udongo wenyewe unakuwa wa mtu, na fedha ikishaingia anaweza kulimbikiza kuliko mahitaji yake. Tanganyika huru ilimfuata Nyerere. Mwaka 1963 umiliki wa moja kwa moja ulifutwa.

Kwa bahati mbaya, jibu hilo la haki lilikuja kugeuzwa likamkandamiza yule yule lililokusudiwa kumlinda. Kama ardhi si yako, walisema baadhi ya wenye mamlaka, basi tukikuhamisha hatudaiwi kitu. Baada ya Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 kuwatoa mamilioni ya watu kwenye mashamba yao ya asili, mwaka 1992 ilitungwa sheria ya kufuta kabisa haki za kimila za waliohamishwa. Mkulima mmoja wa mkoani Arusha na mwanawe waligoma. Shauri lao, Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay, lilifika Mahakama ya Rufani, na Desemba 1994 Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake waliamua kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba na haitwaliwi bila fidia ya haki. Nyalali aliichukua hoja ya Nyerere ya jasho akairudisha mahali pake, upande wa mkulima. Sheria za 1999 zilipokuja, zilikiri waziwazi kwamba haki katika ardhi ina thamani.

Hapo ndipo swali linapozidi kunoga. Chukua nyumba mbili za Kirando zenye vyumba vitatu, tofali lile lile, bati la geji ile ile. Moja iko hatua chache kutoka mwalo ambako samaki hushushwa alfajiri. Nyingine iko mbali kule juu ambako maji hubebwa kichwani. Bei hazitalingana hata kidogo. Tofauti hiyo ya bei inalipia nini? Inalipia ukaribu na ziwa, soko, kituo cha afya, shule, msikiti au kanisa, na majirani watakaokuja usiku ukipiga yowe. Katika hivyo vyote, hakuna hata kimoja ambacho muuzaji amekijenga peke yake. Ziwa ni la Mungu, soko limejengwa na miguu ya watu wote, ujirani umelelewa kwa miaka mingi ya kuzikana na kuazimana chumvi. Kwa hiyo kila anayeuza nyumba anauza, pamoja na jasho lake, nafasi miongoni mwa watu. Na kama watu ndio walioipa nafasi hiyo thamani, kwa haki gani anaiuza bila wao kujua?

Ufipa, nchi ambamo Kirando imo, ina kumbukumbu yake ya zamani kuhusu jambo hili. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyeishi na Wafipa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuandika vitabu kadhaa juu yao, alinakili masimulizi ya Milansi, makao ya mfalme wa kwanza wa nchi. Inasimuliwa kwamba mfalme huyo akiwa mawindoni, walifika wanawake wageni kutoka mbali, wakapokewa nyumbani, wakaketi kwenye kigoda cha enzi. Aliporudi alikuta kiti kimekaliwa. Badala ya vita yakafanyika maafikiano: ukoo wa wageni, Watwa, ukapata kutawala nchi, na Milansi ikabaki na heshima ya kwanza, ile ya ibada na ya wenyeji wa asili. Simulizi hiyo inatenganisha mambo mawili ambayo soko la nyumba hupenda kuyafunga pamoja. Kukaa kwenye kiti ni jambo moja, na uhusiano wa kale na nchi ni jambo jingine. La kwanza linaweza kupita mkononi mwa mgeni, la pili halipiti. Mnunuzi anayefika Kirando na fedha taslimu anapata kiti. Wenyeji wake atawakuta pale pale.

Wakristo wa mwambao huu, ambao Wamisionari wa Afrika wamewahubiria tangu miaka ya 1880, wana sura nzima inayozungumzia soko la nyumba, ingawa ni nadra kuisikia ikisomwa Jumapili kwa nia hiyo. Ni Mambo ya Walawi 25. Ardhi haiuzwi moja kwa moja, inasema sura hiyo, kwa sababu ni ya Mungu na wanadamu ni wapangaji wake. Kinachouzwa ni hesabu ya mavuno yaliyobaki mpaka mwaka wa hamsini, na bei ipande au ishuke kwa idadi hiyo. Kisha linakuja jambo la ajabu zaidi. Nyumba iliyo ndani ya mji wenye ukuta ikiuzwa, muuzaji ana mwaka mmoja wa kuikomboa. Mwaka ukipita, imekwenda. Lakini nyumba ya kijiji kisicho na ukuta huhesabiwa pamoja na mashamba: ina haki ya kukombolewa, na mwaka wa hamsini inarudi kwa wenyewe. Mwandishi wa kale aliona kwamba nyumba ya mjini ni ukuta na paa, ila nyumba ya kijijini imeshikana na shamba, njia ya maji na makaburi, hata kuing'oa ni kumng'oa mtu.

Tanzania inajua mpaka huo kwa sura nyingine, na kwa mnunuzi ndilo jambo la kwanza la kuuliza. Je, kiwanja kiko kwenye ardhi ya kijiji, au eneo limekwisha kutangazwa kuwa la mpango mji? Kama ni kijiji, mlango ni halmashauri ya kijiji. Kama eneo limepimwa na lina hati, mlango ni ofisi ya ardhi ya wilaya, kule Namanyere. Sehemu zinazokua haraka kandokando ya ziwa hubadilika hadhi, na anayenunua kwa kuamini maneno ya mwaka juzi anaweza kujikuta na karatasi iliyosainiwa na mtu asiye na mamlaka.

Je, ndugu wana haki ya kukomboa nyumba ya ukoo iliyouzwa? Swali hilo limewahi kufika mahakamani, na jibu lake bado lina uzito. Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya, alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, na mwaka 1988 akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Mpwa wake alikwenda mahakamani kudai mauzo yafutwe kwa kuwa mila inamkataza mwanamke kuuza. Februari 1990, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza alikataa. Kumnyima mwanamke haki ambayo mwanamume wa ukoo huo huo anayo, alisema, ni ubaguzi unaopingana na Katiba. Lakini hakuufuta ukoo. Aliwapa ndugu miezi sita: warudishe shilingi zile 300,000 kwa mnunuzi wakitaka shamba libaki kwao, wasipofanya hivyo, ni la mnunuzi. Mtu anaweza kuwa huru kuuza na ndugu wakawa na nafasi ya kwanza ya kununua. Jaji aliviweka viwili hivyo kwenye mizani moja bila kuvunja kimojawapo.

Waislamu watalitambua jambo hilo mara moja, kwani fikihi inalo chini ya jina la shufaa: mshirika katika mali, na kwa rai ya madhehebu ya Hanafi hata jirani, ana haki ya kutangulia kununua kwa bei ile ile kabla ya mgeni. Sababu yake ni ya kibinadamu kabisa. Jirani ndiye atakayekaa na matokeo ya mauzo. Kwa hiyo ushauri wa kwanza kwa anayeuza, kabla ya kumtafuta dalali, ni kuwapigia hodi watu wanne: aliye kaskazini, kusini, mashariki na magharibi. Wengine watacheka, wengine watasema hawana pesa, lakini hakuna atakayesema baadaye kwamba alishtukizwa.

Siri ndiyo kidonda cha biashara hii. Katika Mwanzo 23, Ibrahimu anapotaka mahali pa kumzika Sara, anapewa bure na Efroni Mhiti, naye anakataa zawadi. Analipa shekeli 400 za fedha, zinazopimwa hadharani, mbele ya watu wote wanaoingia lango la mji, na andiko linataja shamba, pango na miti iliyo mpakani pande zote. Efroni alikuwa mkarimu, lakini Ibrahimu alijua kwamba zawadi ya faraghani hufa pamoja na aliyeitoa. Kila anayenunua nyumba Kirando anaweza kuiga utaratibu huo bila kubadilisha chochote.

Mauziano yanayoendeshwa vizuri yana sura yake. Watu wanakutana kwenye kiwanja chenyewe, asubuhi jua halijawa kali. Mwenyekiti wa kitongoji yupo, mtendaji wa kijiji yupo na daftari lake na muhuri uliofungwa kwenye mfuko wa plastiki. Majirani wanaitwa kila mmoja kwenye pembe yake, na mtu anatembea mpakani akihesabu hatua kwa sauti. Pale penye ubishi, mti wa mnyaa ulioanguka zamani au jiwe lililohamishwa na watoto, wanasimama mpaka wakubaliane, kisha linachimbiwa jiwe jipya wote wakiangalia. Mke wa muuzaji haachwi jikoni; anaitwa, anaulizwa, anasaini au anaweka dole gumba. Fedha inahesabiwa mara mbili, kwanza na mnunuzi, halafu na muuzaji. Hakuna anayeona aibu kwa kuhesabu.

Hayo yote yana nguvu ya sheria nyuma yake. Haki ya kimila haihamishwi kwa mtu mwingine bila halmashauri ya kijiji kujulishwa na kuridhia, na Mahakama ya Rufani imeshasema katika zaidi ya shauri moja kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji bila kibali hicho ni batili. Batili maana yake ni kwamba mnunuzi amelipa, amejenga, amezeeka humo, na bado hana kitu. Saini ya mwenyekiti peke yake, iliyopatikana jioni nyumbani kwake, si kikao cha halmashauri. Muhtasari wa kikao ndio wa kuombwa, na nakala yake ihifadhiwe pamoja na mkataba.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ina kifungu kimoja kinachostahili kutangazwa kwenye mikutano yote ya vijiji vya mwambao. Halmashauri inaweza kukataa uhamisho wa ardhi ikiwa utamnyang'anya mwanamke haki yake ya kuitumia. Sheria ya Ndoa ya 1971 nayo inamkataza mwenzi mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwingine, hata kama jina la kwenye karatasi ni la mmoja. Na nyumba ya marehemu haiuzwi na kaka mkubwa kwa sababu tu ni mkubwa: inauzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, kwa wengi Mahakama ya Mwanzo, na fedha ni ya warithi wote. Kumfungashia mjane virago kwa sababu shemeji amepokea fedha usiku ni dhuluma iliyo wazi, iwe mbele ya Katiba, mbele ya Hesabu 27, ambako mabinti wa Selofehadi walidai urithi wakapewa, au mbele ya Qurani iliyompangia mke fungu lake kwa kulitaja. Mtume Muhammad alionya kwamba anayepora ardhi hata ya kiasi cha shubiri atavishwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama.

Kuna swali jingine, gumu kuliko la nani asaini. Muuzaji anajua kitu ambacho mnunuzi hajui. Aseme?

Mrumi Cicero, mwaka 44 kabla ya Kristo, aliliweka swali hilo kwa mfano wa nyumba. Mtu mwema anauza nyumba kwa sababu ya kasoro za nyumba hiyo anazozijua peke yake: inadhaniwa ina afya nzuri kumbe inaleta maradhi, vyumba vyote vina nyoka, mbao zimeoza na ziko karibu kuanguka. Je, akinyamaza na kupata bei kubwa, ametenda haki? Wanafalsafa wawili wa shule ya Wastoa waligombana hapo. Diogenes wa Babeli alisema kutosema si sawa na kuficha. Muuzaji hakumlazimisha mtu, hata hakuisifia. Antipater akajibu kwamba kumwacha mtu atumbukie kwenye kosa huku unamwona ni kubaya kuliko kukataa kumwonyesha njia mpotevu. Cicero alikuwa upande wa Antipater. Karne kumi na tatu baadaye Thomas wa Akwino alikubali: kasoro iliyofichika yenye kuleta hasara au hatari lazima itajwe. Fikihi ya Kiislamu nayo inampa mnunuzi khiyari ya kurudisha kitu chenye aibu iliyofichwa, na hadithi inamwambia Muislamu si halali kumuuzia nduguye chenye kasoro bila kumweleza.

Kirando nyoka wa Cicero ni maji. Tanganyika ni ziwa lenye mito mingi inayoingia na mmoja tu unaotoka, Lukuga, kule Kalemie, na maji yake mengi hupotea kwa mvuke wa jua. Kwa hiyo mvua zikizidi miaka michache mfululizo, ziwa hupanda, na kushuka kwake ni kwa taratibu sana. Lilipanda sana mwaka 1878, kabla Lukuga haijachimba njia yake upya. Lilipanda tena likafika kilele mwaka 1964 baada ya mvua kubwa za mwanzoni mwa muongo ule. Limepanda tena miaka hii, 2020 na 2021, na kwa kishindo mwaka 2024, likaingia majumbani Uvira na Bujumbura na kusumbua bandari ya Kigoma. Wazee wa mwambao wanajua kwamba ufukwe ulio mkavu leo una historia. Muuzaji aliyeona maji yakigusa kizingiti chake anadaiwa kusema hivyo hata kama hakuulizwa, na mnunuzi naye asiwe mvivu wa macho. Aangalie ukuta kwa nje, karibu na msingi: mstari wa rangi iliyofifia unaokwenda sawasawa kuizunguka nyumba, unga mweupe wa chumvi unaotoka kwenye tofali na kubaki kidoleni, plasta mpya iliyopigwa kwa urefu wa goti tu huku juu ikiwa ya zamani. Hayo yanasema kuliko dalali. Aingie darini aone kama kenchi zina njia za udongo za mchwa. Afungue choo.

Tena awe na kipimo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu zinazoweza kuhatarisha mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za ziwa au mto. Nyumba nzuri yenye upepo wa ziwa, iliyo ndani ya mita hizo, inaweza kuwa nafuu kwa sababu ambayo hakuna aliyeitaja. Na kama maji yatasogea, mita 60 zitaanza kuhesabiwa kutoka wapi? Anayetaka kukaa na wajukuu humo ajipe nafasi zaidi ya sheria inavyodai.

Halafu kuna bei, na hapa dhamiri ina kazi kubwa kuliko sheria. Fedha ya Kirando ina kalenda yake. Dagaa na migebuka huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo giza ndilo msimu. Mwezi ukipevuka, taa hazivuti samaki, mitumbwi hupandishwa mchangani na nyavu hushonwa. Mwenye haraka ya kuuza wakati wa mbalamwezi hupata bei ya chini kuliko angepata gizani. Mwaka 2024 jambo hilo lilirefuka: kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, uvuvi ulisitishwa katika Ziwa Tanganyika, kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka, ili samaki wazaliane. Lengo lilikuwa jema na la lazima. Lakini miezi mitatu bila ziwa ni mingi kwa mwenye ada ya shule au mgonjwa, na nyumba ndiyo akiba ya mwisho ya maskini.

Je, ni haki kununua kwa nusu ya thamani kwa sababu jirani ana mgonjwa? Mkataba utasainiwa, mashahidi watakuwepo, halmashauri itaridhia. Akwino anasema bei ya haki haitokani na dhiki ya mtu mmoja. Uhitaji wa mwenzako si bidhaa yako ya kuuza wala ya kununua. Wanazuoni wa Kiislamu wamejadili kwa muda mrefu mauzo ya mtu aliyebanwa na shida, na wengi waliona kwamba wajibu wa jamii ni kumkopesha, asije akauza kitu chake kwa bei ya kutupa. Hili linawezekana Kirando leo. Kikundi cha kuweka na kukopa, jumuiya ndogondogo ya parokia au mfuko wa msikiti ukimkopesha mtu laki chache kwa miezi mitatu, nyumba inabaki ya wanawe. Na kama lazima iuzwe, mnunuzi mwenye imani anaweza kuandika kwenye mkataba kwamba muuzaji ana mwaka mmoja wa kuikomboa kwa bei ile ile. Halmashauri ya kijiji haina sababu ya kulikataa sharti hilo. Ni mwaka ule ule wa Walawi, umeandikwa kwa Kiswahili na kupigwa muhuri.

Kwa anayeuza bila kubanwa, ipo hadithi iliyopokewa na Ibn Majah inayofaa kutafakariwa: auzaye nyumba au ardhi asipoiweka thamani yake katika kitu cha namna hiyo, fedha hiyo haitabarikiwa. Hata asiyeamini anaweza kuona hekima yake. Fedha ya nyumba ikiingia kwenye injini ya boti ya mkopo, harusi na simu, baada ya misimu miwili hakuna nyumba wala fedha. Kiwanja kipya kipatikane kwanza, hata kidogo, kabla ya kile cha zamani kuondoka.

Mipaka ya nchi nayo ina la kusema. Familia nyingi za mwambao zina ndugu pande zote mbili za ziwa, na mfanyabiashara wa Moba anaweza kuwa anaaminika Kirando kuliko mtu wa Dar es Salaam. Hata hivyo sheria haimruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji ulioidhinishwa. Wengine hununua kwa jina la shemeji Mtanzania. Urafiki huo huwa mtamu mpaka shemeji afe. Warithi wake wataikuta nyumba kwenye karatasi za baba, na mwenye fedha hatakuwa na mahali pa kushitaki. Kupanga kwa mkataba wa miaka kadhaa, ulioandikwa na kushuhudiwa, ni njia salama na ya kweli zaidi kwake.

Karatasi yenyewe isidharauliwe. Aya ndefu kuliko zote katika Qurani, ya 282 katika sura ya Al-Baqara, inahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi, ikamtaja hata mwandishi asidhuriwe kwa kazi yake. Nabii Yeremia, akiwa kifungoni huku Yerusalemu imezingirwa na majeshi, alinunua shamba la binamu yake kwa shekeli 17, akaandikisha hati mbili, moja iliyotiwa muhuri na moja ya wazi, akaagiza zitiwe ndani ya chombo cha udongo zikae siku nyingi. Mali bila daftari huisha bila habari, na mwambao wa ziwa una unyevu unaokula karatasi. Nakala moja ibaki ofisi ya kijiji, moja kwa muuzaji, moja kwa mnunuzi ndani ya kitu kisichoingiza maji. Ushuru wa stempu ulipwe, kwa sababu mkataba usio na stempu haupokelewi kama ushahidi mahakamani. Mgogoro ukizuka, uanze Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba ambao watatu kati yao lazima wawe wanawake, halafu Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya 2021 kazi yake ni kusuluhisha, ndipo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Madai ya kurejesha ardhi yana ukomo wa miaka 12, kwa hiyo ndugu aliyekwenda kuvua Kalemie asikae huko akidhani kiwanja kinamsubiri milele.

Linabaki suala la makaburi, na ndilo linaloonyesha wazi kuliko yote kwamba nyumba ya kijijini haiuziki yote. Viwanja vingi vya zamani vina kaburi la bibi au mtoto nyuma ya jiko, wakati mwingine limebaki mawe manne tu. Mnunuzi ambaye hakuonyeshwa atachimba shimo la choo hapo. Inafaa mawe hayo yatajwe kwenye mkataba kwa mahali pake na kwa hatua, iandikwe kwamba eneo lile halikuuzwa, na kwamba watoto wa muuzaji wana njia ya kupita kulifikia, iwe kwa kufagia siku ya Marehemu Wote au kwa kusoma Fatiha. Sentensi mbili zinatosha, na mtendaji wa kijiji yeyote anaweza kuziandika kabla wino wa dole gumba haujakauka.